Jasho Nyuma ya Mapazia

Mimi ni bawabu wa ukumbi mmoja hapa Waberi, mjini Garissa. Zamani ulikuwa ukumbi wa arusi. Biashara ya arusi ilipolala, mwenye ukumbi, Abdisamad, akatoa vile viti vya rangi ya dhahabu, akaingiza matairi ya lori, kamba nene kama za kufungia ngamia mkaidi, na madumu yaliyojazwa mchanga. Akaandika ukutani kwamba hii sasa ni nyumba ya afya. Asubuhi wanawake, jioni wanaume. Mimi nikabaki palepale getini, juu ya kiti kilekile. Zamu yangu ni asubuhi, na kazi yangu ni nyepesi kuieleza: mwanamume asikaribie, mlango usiachwe wazi, pazia lisipepee.

Nilisoma dugsi, chuo cha Kurani, nikasoma na shule kidogo kule Eldas, kisha ngamia wakaniita. Kwa hiyo nikikosea maneno, walaumiwe waliotuwekea shule moja mahali ambapo hata mvua hupotea njia.

Wanachofanya wanawake mle ndani sijakiona, wala sitaki. Lakini masikio hayana pazia. Firimbi inalia, miguu inapiga sakafu pamoja, kochi anahesabu, wao wanaitikia. Hakuna muziki, maana kamati ya msikiti ilikataa spika. Basi wanawake wakachukua buraanbur, yale mashairi yao ya arusini, wakatunga ya kwao ya kukimbilia, na mmoja hupiga dumu tupu. Dumu likienda mbio, nao mbio. Halafu kimya kidogo, unasikia wanavyohema kama mbuzi waliofukuzwa na fisi. Halafu firimbi tena. Wakitoka, mabuibui yamewaganda mgongoni na wanacheka kama wasichana walioiba sukari.

Daud, kijana wa tuktuk anayewasubiri pale nje, aliniuliza siku moja, "Mzee Alio, hawa wanalipa ili wachoke?"

"Wanalipa."

"Mimi nachoka bure tangu nizaliwe na hakuna hata mmoja amenipigia makofi."

"Wewe huna pazia," nikamwambia. "Ungekuwa na pazia ungelipwa."

Tulicheka, lakini mimi sikuwa na kicheko kirefu. Marehemu mke wangu, Bishara, alipokuwa msichana alivuta maji kisimani. Alibomoa nyumba, akaipakia juu ya ngamia, akaijenga tena tulikohamia, na hakuna aliyempulizia firimbi. Ukame ulipotumalizia mifugo, wakubwa wakaleta magunia ya mchele na mafuta kwa lori, picha zikapigwa, wakasema kaeni karibu na barabara, msaada utawafikia. Tukakaa. Tukala mchele, tambi, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Bishara akapata ugonjwa wa sukari, na sukari ikala figo. Siku aliyohitaji mashine ya kusafisha damu, moja ilikuwa imeharibika, na mwenye ufunguo wa chumba cha nyingine alikuwa semina. Wakasema mpelekeni Nairobi. Alifia njiani hata Mwingi hatujafika, kichwa chake pajani mwangu.

Kwa hiyo mimi nasema: kwanza walitunyang'anya jasho la bure, kisha wakatuuzia jasho la ndani ya nyumba. Na mshahara wao naupokea. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

Nyumbani nilibaki na binti mmoja, Hinda. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yake yalikuwa mazuri, na kazi akakosa kwa sababu kazi za mji huu zina wenyewe kabla hazijatangazwa. Mama yake alipofariki, Hinda aliendelea kupika na kufua, lakini akimaliza analala akiutazama ukuta. Alinenepa. Kliniki walimpima wakamwambia sukari yake imeanza kufuata njia ya mama yake, aanze mazoezi. Mazoezi wapi? Msichana mnene akikimbia barabarani hapa kwetu, vijana wa miraa watampigia mbinja mpaka ajute kuzaliwa. Nikamwomba Abdisamad, akasema binti wa bawabu aingie bila malipo. Hiyo ndiyo fadhila pekee ninayomwandikia.

Siku za kwanza alitoka wa mwisho, akishika ukuta. Nikamwambia aache.

"Aabo, leo nilianguka," akasema, "na wote wakashuka chini pamoja na mimi."

"Kukucheka?"

"La. Ndiyo sheria ya kochi. Mmoja akishindwa, wote wanaanza naye upya. Hata mama Shuaib, na mgongo wake ule, alianza upya kwa ajili yangu."

Jambo hilo nalijua. Visima vya kwetu ni virefu, watu husimama mmoja juu ya mwingine, ndoo inapanda mkono kwa mkono na wimbo unapanda nayo. Mikono yako ikifa ganzi huwezi kuachia, maana ndoo itamwangukia aliye chini yako. Nilipokuwa kijana nilishuka kisimani nikiwa na homa, nikavuta mpaka ngamia wote wakashiba, na nilipotoka sikukumbuka kama niliumwa. Wimbo ulinibeba. Basi nilimwelewa binti yangu kuliko alivyodhani.

Na alibadilika. Akaanza kuimba akiosha vyombo. Akaenda sokoni kwa miguu na kurudi. Akapata marafiki, wake za watu, walimu, mama mmoja muuza maziwa ya ngamia. Usiku mmoja nilimuuliza kuna nini mle ndani cha kumfurahisha mtu namna hiyo.

"Mle hakuna anayeniuliza nitaolewa lini," akasema. "Wananihesabia tu."

Kochi mwenyewe ni Idil, msichana mwembamba aliyekulia Eastleigh, mwenye cheti cha ualimu wa mazoezi na maneno ya Nairobi. "Form ni kusukumana, Adeer," aliniambia, kama mtu anavyomwita ami yake. "Mtu peke yake anajionea huruma. Kwa grupu, huruma haina nafasi."

"Na asiyeweza?"

"Anaweza. Hajajua tu."

Sikupenda jibu lile, lakini Hinda alikuwa anaimba jikoni, na mimi ningesema nini?

Kisha ukaja mwezi wa tatu, jua la Garissa likiwa limevua viatu. Abdisamad akatangaza mashindano: wanawake wa Waberi dhidi ya wanawake wa mtaa wa Iftin, na mheshimiwa fulani atakuja kutoa kikombe. Cheo chake sikitaji. Vyeo vyao hubadilika, wao hawabadiliki.

"Atatoa kikombe vipi, na haruhusiwi kuona?" Daud akauliza.

"Atasikiliza."

"Yaani mtu atoke ofisini na gari nne, aje asimame nje ya ukuta asikilize wanawake wakihema?"

"Waryaa, shika adabu yako," nikamwambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Walisema atafika mapema asubuhi, kabla ya joto. Wanawake wa pande zote mbili wakaingia, mlango ukafungwa, mapazia yakashushwa. Tukangoja. Mtu akapiga simu: mheshimiwa yuko kwenye mzunguko wa barabara, anzeni. Firimbi ikalia, wakaanza. Kumbe hakuwa yeye, lilikuwa gari la simenti. Wakapumzika. Simu tena: amevuka daraja. Wakaanza tena. Kumbe amepitia kwa mtu kunywa chai. Kila wakianza wanaanza kwa nguvu zote, kwa sababu nani ataka mheshimiwa asikie Waberi imelegea? Jua likapanda mpaka vivuli vikaingia chini ya watu wenyewe. Na hapo umeme ukakatika. Feni ndani zikasimama.

Mheshimiwa alipofika kweli, uwanja ukajaa walinzi wake, wapiga picha, na wale watu wake wasiokuwa na kazi ila kucheka akicheka. Ndani dumu likaanza kulia. Kazi yenyewe ilikuwa kuchuchumaa na kusimama na dumu la mchanga kifuani, pamoja, na sheria ileile: mmoja akishindwa, kundi linaanza upya.

Nikasikia mlango unagongwa kwa ndani. "Adeer Alio, fungua kidogo! Hewa!"

Nikamtazama Abdisamad. Akanijia mbio, akaniambia sikioni, "Ukifungua mlango huu mbele ya wanaume hawa, kesho hakuna mwanamke atakayekanyaga hapa. Hata binti yako."

Na ilikuwa kweli. Mlango wa nyuma nao ulitazama uchochoro, na uchochoro ulijaa vijana waliokuja kuona magari. Basi nikasimama, mgongo wangu kwenye mabati ya mlango. Joto la ndani lilipenya mabati mpaka shati langu likawa kama limepigwa pasi. Nilimsikia Hinda. Sauti yake naijua hata katikati ya kundi. Ilikuwa inaitikia hesabu, ikashuka, ikawa kama kikohozi, kisha ikapanda tena.

Mheshimiwa akashika kipaza sauti, akasema mama zetu ni nguzo, akasema serikali inawaona, ilhali hakuna aliyekuwa anawaona na hilo ndilo lililokuwa sharti. Akamkabidhi Abdisamad kikombe. Akaondoka kabla vumbi la kuja kwake halijatua.

Hinda alitoka ameshikwa na wanawake wawili, midomo mikavu, miguu inatetemeka kama ya ndama mchanga, na anacheka. "Aabo, tumewashinda! Iftin wamekaa chini, sisi hatukukaa!"

Hakuweza kuinua mguu kuingia kwenye tuktuk. Daud akamsogezea kiti cha mbele. "Bingwa huingizwa kwa heshima," akasema, nasi tukamsukuma ndani kama gunia.

Siku iliyofuata mapaja yake yalivimba yakawa magumu kama ubao. Hakuweza kuchuchumaa chooni, ikabidi dada yangu, Fatumo, anayekaa nyumba ya pili, amletee ndoo. Hinda bado alicheka. Alinisomea kwenye simu, kundi zima linalia mapaja, kila mtu anamtania mwenzake, na kochi ameandika kwamba maumivu ni nguvu inayoingia. Nikamwamini aliyesoma.

Kesho yake cheko likaisha. Alikuwa amelala, uso umejaa, hataki chakula, anatapika maji. Fatumo akatoka na ile ndoo, akaniita pembeni ya boma.

"Alio, tazama."

Mkojo ulikuwa kidogo, na ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa motoni.

"Cagaarshow," akasema Fatumo.

Cagaarshow ni ule ugonjwa wa ini, mkojo huwa mweusi na macho huwa ya manjano. Kwetu dawa yake ni moto. Mimi mwenyewe nina alama kwenye viungo vya mikono, nilichomwa nikiwa mtoto, nikapona. Ndugu zangu wote wana alama hizo. Hakuna mtu wa kwetu anayeona mkojo mweusi akafikiri kitu kingine.

"Macho yake si ya manjano," nikasema.

"Yatakuwa. Unataka ungoje yawe?"

"Labda hospitali..."

Fatumo akanitazama. "Ile ile?"

Tukamwita Hared, mzee kutoka Bute anayechoma watu hapa mjini. Akaja na kijiti chake, akakitia kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akamchoma Hinda juu ya viganja, mkono huu na mkono huu, na kidogo tumboni upande wa ini, Fatumo akiwa amemfunika kwingine kote. Hinda hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba hakuwa na nguvu ya kelele. Hared akasema asile nyama wala mafuta, alale, kesho atajisikia. Akaondoka na dua.

Tulikuwa bado tunanusa ile harufu Idil alipobisha. Alikuja kwa sababu Hinda hajibu simu. Alivua viatu, akaingia, akamshika paja Hinda kwa kidole, akaona mikono, akatoka nje nilipokuwa nimekaa.

"Adeer, mkojo wake ni rangi gani?"

"Hilo ni swali la kumuuliza mwanamume?"

"Adeer, wallahi naomba. Ni mweusi? Kama Koka?"

Fatumo akajibu kutoka mlangoni. "Mweusi. Ni cagaarshow. Tumeshachoma."

Yule msichana akaishiwa rangi. "Sio ini, Eeddo. Ni miguu. Mtu akisukumwa kupita kiasi, kwa joto, bila maji, nyama ya miguu inakufa, inaingia kwa damu. Inaziba figo. Tulifunzwa hiyo Nairobi. Walisema haitokei sana, nikaandika nikapita."

Neno figo lilipotoka mdomoni mwake nilisimama.

"Umesema figo?"

"Twende hospitali. Sasa."

"Wewe!" nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesema hakuna asiyeweza. Umemfungia mtoto wangu ndani ya oveni na firimbi, halafu unakuja na figo? Mnasomeshwa nini huko? Mnapewa cheti cha kuua watu kwa hesabu?"

"Adeer, nitukane tukiwa njiani," akasema. "Daud yuko nje."

Fatumo akasema moto haujafanya kazi, tungoje mpaka kesho. Akasema hospitali ilimchukua mama, sasa itamchukua mtoto. Alisema yaliyokuwa moyoni mwangu, neno kwa neno. Nikaingia ndani. Hinda alifungua macho.

"Aabo, tuliwashinda, sivyo?"

"Mliwashinda."

"Nina kiu, na nikinywa nayatoa."

Nikambeba. Siku zile za kunenepa nisingeweza kumbeba, na sasa pia sikuweza, lakini nilimbeba.

Kwenye geti la hospitali miguu yangu ilikataa. Niseme kweli, nilisimama kama punda kwenye maji asiyoyajua, na Idil na Daud wakamwingiza bila mimi. Kisha nikaingia. Ukuta umepakwa rangi mpya. Rangi ndiyo dawa wanayoijua wakubwa.

Daktari alikuwa kijana, macho ya kukosa usingizi. Alitazama mkojo, akabonyeza mapaja, akatoa damu. Akamtundikia maji, na mfuko mwingine ukingoja pembeni, akamwekea mpira wa kutolea mkojo hadi kwenye mfuko chini ya kitanda. Kisha akageuza ile mikono.

"Nani amemchoma?"

"Mimi," nikasema. "Nilimwita mchomaji."

"Mzee, mtu anaungua ndani na nyinyi mnamwongezea moto nje! Mmepoteza siku."

"Sawa. Hilo ni langu," nikamwambia. "Na mlango nani aliufunga? Na umeme nani aliukata? Na yule aliyewangojesha wanawake juani akinywa chai, utamuuliza na yeye, au unauliza wanaovaa kikoi tu?"

Daktari alinitazama, akakuna kichwa kwa kalamu. "Mimi hiyo sherehe sikualikwa," akasema. "Mimi niko na figo hizi mbili."

Jibu lile lilinituliza kidogo. Akanieleza: nyama iliyokufa imejaa kwenye figo kama majani ya chai kwenye chujio. Tunamwaga maji mengi yasukume. Mkojo ukitoka na ukianza kuwa mweupe, amepona. Usipotoka, ataingia kwenye mashine.

Chumba cha mashine nakijua. Kiko mwisho wa ile kolido, mlango wa kijani.

"Mashine inafanya kazi?"

"Leo inafanya."

"Leo," nikasema.

"Leo, mzee. Mimi huwa sisemi kesho."

Nikakaa sakafuni pembeni ya kitanda, macho kwenye ule mfuko. Watu wengine wodini walimtazama mgonjwa wao usoni, mimi nilitazama mfuko wa mkojo. Ulikuwa na tone jeusi chini, limelala tu. Idil alikaa upande wa pili, anampa Hinda maji kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, hazungumzi. Nilimtukana aliponipa chai. Nikamtukana alipokwenda kuswali na aliporudi. Hakujibu hata mara moja, na mtu asiyejibu huchosha. Kulipokucha nilikuwa nimekwisha matusi.

"Kwa nini huendi kwenu?" nikamuuliza.

"Mmoja akianguka," akasema, halafu akaacha, kwa sababu alijua sentensi ile inaishia wapi.

Kabla ya adhuhuri mfuko ulianza kujaa. Mweusi kwanza. Kisha kama maji ya Tana wakati wa mafuriko. Alasiri ilipoadhiniwa ulikuwa rangi ya asali, na daktari akainama akautazama dhidi ya dirisha kama mnunuzi anavyotazama samli, akasema Alhamdulillah kabla yangu. Mlango wa kijani ulibaki umefungwa. Nilipita mbele yake nikienda kuswali, na safari hii sikuutemea mate.

Hinda alirudi nyumbani mwembamba, na makovu ya mikononi yakiwasha. Nikamwambia ukumbi basi. Hakubisha. Akapika, akafua, akamaliza, akalala akiutazama ukuta.

Siku zikapita hivyo. Sukari yake ikapanda. Wale wanawake walikuja kumtazama, wakaleta maziwa na vichekesho, akaitikia kwa adabu, wakiondoka anageuka. Fatumo, yule yule aliyemwita Hared, akanishika mkono.

"Umemtoa hospitali ukamrudisha kwenye ukuta. Ukuta ndio ulikuwa unamuua kwanza."

"Sasa nifanye nini? Nimrudishe kwenye oveni?"

"Oveni ina mlango," akasema. "Na bawabu ni nani?"

Nikaenda kwa Abdisamad. Nikamwambia ukumbi unataka hewa au mimi nitakwenda kwa masheikh niwaeleze mambo yote. Akaniita mzee wangu, akanikalisha, akasema mheshimiwa ameahidi jenereta na feni kubwa.

"Lini?"

"Bajeti ikipita."

"Inapita wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Kwa wakubwa ahadi ni kama wingu la kiangazi, unalitazama mpaka shingo inauma.

Nyumbani kwangu, juu kwenye boriti, kulikuwa na mikeka ya alool. Ni ile ya vijiti vyembamba vilivyosukwa na kamba, tuliyozungushia nyumba zetu za kuhama. Bishara aliisuka kabla ya kuolewa na mimi, na tulipokaa mjini aliivingirisha akaiweka juu, akasema mvua ikirudi tutahama. Alool ina tabia moja: upepo unapita, jicho halipiti. Aliye ndani anaona nje, aliye nje haoni kitu. Nikaiteremsha. Vumbi lake lilinipiga chafya mpaka Hinda akageuka kutoka ukutani.

"Aabo, hiyo ni ya Hooyo. Unaipeleka wapi?"

"Njoo ushike upande huo."

Daud alileta miti kwa tuktuk yake. Tukaisimika kwenye ule uchochoro wa nyuma, upana wa kutosha mlango kufunguka wazi kabisa, tukaifunga alool kuzunguka, safu mbili, mpaka juu ya kimo cha mtu. Hinda aliifunga mafundo mwenyewe, kama mama yake, akisimama kila muda kupumzika miguu. Daud akaenda upande wa nje akachungulia.

"Naona nini?" akajiuliza. "Sioni kitu. Hata kama mheshimiwa angekuja na darubini."

Nikafungua mlango wa nyuma. Upepo wa kutoka mtoni ukaingia ukumbini, ukainua pazia la mbele kwa ndani. Abdisamad alikuja, akatazama, akasema vizuri, kana kwamba alituma yeye.

Siku Hinda aliporudi nilisimama karibu na ile alool, mgongo nimeugeuzia, nisikilize. Idil alisema nao kabla ya firimbi. Sauti yake haikuwa ile ya Nairobi.

"Sheria imebadilika," akasema. "Mmoja akikaa, wote wanakaa. Wote wanakunywa maji. Hakuna kuanza upya."

"Na Iftin wakitushinda?" mmoja akauliza.

"Watatushinda tukiwa tumekaa," akajibu mama Shuaib, na wote wakacheka, na dumu likaanza.

Kazi bado ni nzito. Bado wanahema kama mbuzi, na mimi bado sioni kwa nini mtu apande tairi asiloenda nalo popote. Jenereta haijafika. Feni zikizima, mlango wa nyuma uko wazi na mikeka ya Bishara imesimama.

Hinda hutoka katikati ya kundi siku hizi, si wa mwisho. Namngoja na chupa ya maji, namsimamia mpaka amalize yote. Kisha namuuliza, na kila siku nauliza lilelile.

"Rangi gani?"

"Aabo! Watu wanasikia."

"Wasikie. Rangi gani?"

Daud hugeuza uso akajifanya anafuta kioo. Hinda hunisogelea, buibui limemganda mgongoni, akanong'ona.

"Nyeupe, Aabo. Kama maji. Haya, nyamaza."

Basi nanyamaza, nakaa kwenye kiti changu.